Kuanguka kwa Mashogun wa Japani: Habari za Mchele, Madeni na Upanga

Mwezi wa Julai, mwaka wa 1853, manowari nne za Marekani zilizopakwa rangi nyeusi ziliingia katika ghuba ya Edo, mji ambao leo unaitwa Tokyo. Mbili kati yake ziliendeshwa kwa nguvu za mvuke, na moshi wake ulionekana kutoka mbali. Mkuu wa manowari hizo, Matthew Perry, alileta barua ya Rais wake ya kutaka Japani ifungue bandari zake. Miaka kumi na minne baadaye, mwezi wa Novemba 1867, Shogun wa kumi na tano wa ukoo wa Tokugawa aliyarudisha madaraka yake mikononi mwa Mfalme, na utawala uliodumu zaidi ya miaka 260 ukawa umekwisha.

Kwa sababu mambo hayo mawili yalikaribiana, watu wengi husema kwamba mashogun waliangushwa na mizinga ya wageni. Neno hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Nyumba yenye nguzo nzima haianguki kwa upepo wa siku moja. Nguzo za nyumba ya Tokugawa zilikuwa zimeliwa na mchwa tangu zamani, na mchwa hao hawakutoka ng'ambo. Walikuwa ni kodi ya mchele, madeni ya mabwana, njaa ya wakulima, na fedha iliyozunguka mikononi mwa watu ambao sheria iliwaweka chini.

JINSI NCHI ILIVYOTAWALIWA

Kabla ya mwaka wa 1600 Japani ilikuwa nchi ya vita visivyokwisha, kila bwana akimpiga jirani yake. Mwaka huo Tokugawa Ieyasu aliwashinda adui zake katika vita vya Sekigahara, na mwaka wa 1603 Mfalme akampa cheo cha Shogun, yaani jemadari mkuu wa majeshi yote. Mfalme mwenyewe alibaki Kyoto, akiheshimiwa kama mzao wa miungu lakini bila amri yo yote. Amri ilikuwa Edo, katika ngome ya Shogun.

Shogun hakuitawala nchi yote kwa mkono wake. Karibu robo ya nchi ilikuwa yake na ya watumishi wake. Iliyobaki iligawanywa kati ya mabwana wapatao 260 walioitwa daimyo. Kila daimyo alikuwa na ngome yake, askari wake, sheria zake na hazina yake. Ukubwa wa bwana haukupimwa kwa eka za ardhi wala kwa fedha, bali kwa mchele. Kipimo chake kilikuwa koku, yaani kama madebe kumi ya mchele, na ilihesabiwa kwamba koku moja yatosha kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Mtu mwenye nchi ya kuzaa koku 10,000 au zaidi aliweza kuitwa daimyo. Ukoo wa Maeda, uliokuwa tajiri kuliko wote baada ya Tokugawa wenyewe, ulikuwa na zaidi ya koku 1,000,000.

Chini ya mabwana walikuwako samurai, watu wa vita, ambao wao tu walikuwa na haki ya kuvaa panga mbili kiunoni. Zamani wengi wao walikaa vijijini na kulima. Lakini mwaka wa 1588 Toyotomi Hideyoshi, aliyetawala kabla ya Ieyasu, aliwanyang'anya wakulima silaha zao, na tangu hapo samurai walivutwa kwenda kukaa mijini chini ya ngome za mabwana zao, wakilipwa mchele kila mwaka. Hivyo samurai walitengwa na shamba, na mkulima akatengwa na upanga. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana mengi ya baadaye yalitoka humo.

Sheria iliwapanga watu katika madaraja manne. Wa kwanza ni samurai. Wa pili ni mkulima, kwa kuwa ndiye anayelisha nchi. Wa tatu ni fundi. Wa mwisho ni mfanyi biashara, kwa sababu, walisema wenye hekima wa zamani hizo, hazalishi kitu bali ahamisha tu vitu vilivyozalishwa na wengine. Nje ya madaraja hayo walikuwako watu waliotengwa kabisa, kama wachuna ngozi na walioajiriwa kuwaua wahalifu. Mtoto alizaliwa katika daraja la baba yake, na alitazamiwa kufa humo humo.

SAFARI ZA MABWANA

Hofu ya Shogun ilikuwa moja, kwamba mabwana wangeungana siku moja wakamwasi. Basi mwaka wa 1635 ikatolewa amri kwamba kila daimyo akae mwaka mmoja Edo na mwaka mmoja kwake, kwa zamu. Na akirudi kwake, mkewe na wanawe wabaki Edo wawe kama rehani. Kwa upande wa ulinzi, amri hiyo ilikuwa ya busara kubwa. Hakuna bwana aliyethubutu kuinua upanga huku watoto wake wamo mikononi mwa yule atakayempiga.

Lakini amri ile ile ndiyo iliyofungua mlango wa umaskini. Haikuwezekana bwana asafiri kama mtu mnyonge. Alikwenda na mamia ya watu, wenye mikuki, wenye farasi, wachukuzi wa masanduku na wa machela. Msafara wa Maeda ulipata kuwa na watu zaidi ya 2,000. Njiani walilala katika nyumba za wageni na kulipa. Edo walijenga majumba makubwa, na moto ukiyateketeza, jambo lililotokea mara nyingi katika mji ule wa nyumba za mbao, waliyajenga tena. Katika nchi nyingi za mabwana, safari na makao ya Edo yalikula nusu ya fedha za hazina, au zaidi.

Neno la kuangalia hapo ni fedha. Bwana alipokea kodi ya mchele, lakini mwenye nyumba ya wageni, seremala na muuza hariri hawakutaka mchele. Kwa hiyo mabwana walipeleka mchele wao kwa merikebu mpaka Osaka, mji ulioitwa jiko la nchi, wakauza huko. Mwaka wa 1730 serikali ilikubali rasmi soko la mchele la Dojima katika mji huo, ambamo watu waliuza na kununua hata mchele usioonekana, yaani ule utakaotolewa miezi ya mbele, kwa kuandikiana vitabuni tu. Wenye maghala na wenye kubadili fedha wa Osaka walishika hesabu za mabwana, na punde si punde wakaanza kuwakopesha. Bwana aliyekuja kuuza mchele wa mwaka huu alikuta kwamba amekwisha kuula tangu mwaka jana.

Katikati ya karne ya 18 Edo ulikuwa na watu wapatao milioni moja, kupita London ya wakati huo. Nusu yao walikuwa samurai na jamaa zao na watumishi wao, watu wasiolima wala kufuma, wote wakihitaji kununua kila kitu dukani.

SAMURAI NA DALALI WAKE

Samurai wa Shogun wasiopewa ardhi walilipwa mshahara wao mara tatu kwa mwaka katika maghala ya Asakusa, kando ya mto Sumida. Mwanzoni walikwenda wenyewe na kungoja zamu. Baadaye waliona ni udhia na aibu, wakawapa kazi hiyo madalali walioitwa fudasashi. Jina hilo latokana na kile cheti kilichochomekwa katika mganda wa mabua ili kuonyesha zamu ya mwenye mchele. Dalali alipokea mchele, akauza uliozidi chakula cha nyumba, akampelekea samurai fedha zake, na ujira aliotoza ulikuwa mdogo. Kama kazi ingalikoma hapo, hapangalikuwa na neno.

Lakini samurai alikuwa na binti wa kuoza, paa linalovuja, na mgeni wa cheo wa kumkirimu. Na mshahara wake ulikuwa ule ule aliopewa babu wa babu yake, maana cheo cha ukoo kilikuwa hakibadiliki. Akaomba fedha kabla ya wakati, mchele wa msimu ujao ukiwa dhamana. Msimu ulipofika dalali alijilipa kwanza pamoja na riba yake, ambayo ilifika hata 18 kwa mia kwa mwaka. Kilichobaki hakikutosha, akakopa tena. Walikuwako waliokwisha kuiweka rehani mishahara ya miaka mingi ya mbele, na ambao hawakuwa na tumaini la kuona tena mchele wao wenyewe.

Huenda msomaji akauliza, je, mavuno yalipokuwa mema, hali yao haikupata nafuu? La. Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Mavuno yalipokuwa mengi bei ya mchele ilishuka, na samurai mwenye mchele ule ule wa kila mwaka alipata fedha kidogo, ijapokuwa mafuta, chumvi na nguo havikushuka bei. Mavuno yalipokuwa mabaya bei ilipanda, lakini kodi haikukusanyika, na bwana akawakata watu wake mishahara, mara nyingine nusu nzima, akisema kwamba ameazima tu. Kila mtu alijua kwamba mkopo huo hautarudishwa. Shogun wa nane, Yoshimune, aliyetawala tangu 1716 mpaka 1745, alipigana na bei ya mchele miaka yote ya utawala wake, hata watu wakampa jina la Shogun wa Mchele. Mwaka wa 1722 hazina yake ilipungua kiasi cha kushindwa kuwalipa watumishi wake, akalazimika kuwaomba mabwana wamchangie koku 100 katika kila koku 10,000, na kwa malipo akawapunguzia muda wa kukaa Edo. Kwa Shogun kuomba msaada kwa wale aliotakiwa kuwatisha, hilo lilikuwa jambo zito.

Mwaka wa 1789 serikali ilijaribu dawa kali. Waziri Matsudaira Sadanobu alitoa amri kwamba madeni ya samurai kwa fudasashi yaliyopita miaka mitano yafutwe, na yale mapya yalipwe polepole kwa riba ndogo. Madeni yaliyofutwa yalipita ryo milioni moja za dhahabu, na kwa bei ya kawaida ryo moja ilinunua kama koku moja ya mchele. Samurai walifurahi sana, ila furaha yao haikuvuka mwaka, kwa kuwa madalali walifunga mifuko yao. Mwisho wa mwaka ulipofika, wakati kila nyumba ilipotakiwa kulipa hesabu zake za madukani, samurai walibisha hodi wakaambiwa fedha hazipo. Serikali yenyewe ikabidi itoe fedha za kuwasaidia madalali ili wakopeshe tena. Mtu anaweza kufuta deni kwa kalamu, lakini haja iliyomfanya akope haifutiki hivyo.

Basi samurai wa vyeo vya chini wakaanza kufanya kazi za mikono kwa siri, kisha bila siri. Walibandika karatasi za miavuli na kutengeneza taa. Wengine waliuza hata ukoo: tajiri alitoa fedha, samurai akamwandika mtoto wa tajiri kuwa mwanawe wa kupanga, na jina la nyumba likahamia kwake. Katsu Kaishu, ambaye mwaka wa 1868 alikuwa mkuu wa majeshi ya Shogun, alikuwa na baba wa babu yake, kipofu mkopeshaji wa fedha, aliyenunulia jamaa zake cheo cha samurai. Sakamoto Ryoma, aliyesaidia kuwapatanisha adui wa Shogun, alitoka katika ukoo wa watengeneza pombe ya mchele ulionunua cheo vivyo hivyo. Uzio uliojengwa kati ya madaraja ulikuwa bado umesimama katika vitabu vya sheria, lakini watu walikuwa wakipita katikati yake.

Wafanyi biashara nao hawakuwa salama kwa utajiri wao. Mwaka wa 1705 serikali ilitwaa mali yote ya nyumba ya Yodoya ya Osaka kwa shtaka la kuishi kwa fahari isiyowapasa watu wa daraja lao. Watu walinong'ona kwamba kosa halisi la Yodoya lilikuwa jingine, yaani kwamba mabwana wengi mno walikuwa wadeni wao. Baada ya hapo matajiri walijifunza kuficha hariri chini ya nguo za pamba. Walikopesha, walilipwa au walidhulumiwa, wakakopesha tena. Hawakuwa na haja ya kuiangusha serikali. Lakini pia hawakuwa na sababu ya kufa kwa ajili yake.

MASHAMBANI

Uzito wote huo ulimwangukia mkulima. Kodi ilikuwa sehemu nne katika kumi ya mavuno, na baadaye mahali pengi ikawa tano. Haikutozwa kwa mtu mmoja mmoja. Kijiji kizima kiliandikiwa jumla, na jirani alilipia upungufu wa jirani.

Hata hivyo si kweli kwamba wakulima wote walikuwa maskini sawasawa. Ardhi ilipimwa zamani, na mahali pengi haikupimwa tena, hivyo waliopata mbegu bora na maji mazuri walibaki na ziada. Karibu na Osaka walilima pamba wakainunulia mbolea ya dagaa wakavu. Awa walilima nili. Milimani walipanda miforosadi na kufuga nondo wa hariri. Mwenye ziada alinunua mtambo wa kufumia, akatengeneza pombe, akamkopesha jirani. Sheria ya mwaka wa 1643 ilikataza kuuza shamba, lakini haikuweza kuzuia kuliweka rehani, na rehani isiyolipwa ni mauzo kwa jina jingine. Hivyo ndani ya kijiji kile kile akatokea mtu mwenye ghala na vitabu, na mwingine aliyelima kwa nusu ya mavuno shamba lililokuwa la baba yake.

Umaskini wa hao wa mwisho ulikuwa wa kutisha. Katika majimbo mengine wazazi waliwaua watoto wachanga waliozaliwa wakati wa dhiki, na kwa jambo hilo walitumia neno lile lile la mkulima anapong'oa miche iliyosongana. Serikali ilipohesabu watu wa kawaida mwaka wa 1721 walikuwa milioni 26. Ilipowahesabu mwaka wa 1846 walikuwa wameongezeka kidogo tu.

Wakulima hawakunyamaza. Wanahistoria wamehesabu maelfu ya mashtaka na maasi ya vijijini katika enzi hiyo. Mara nyingi walianza kwa kuandika ombi la kupunguziwa kodi, na walitia majina yao kwa mviringo, kama mbavu za mwavuli, ili asijulikane aliyetangulia. Haja hiyo ilikuwa ya kweli, maana desturi ya mabwana ilikuwa mara nyingi kuwakubalia watu haja yao na kumkata kichwa aliyewaongoza.

Njaa kubwa zilikuja mara tatu, mwaka wa 1732, miaka ya 1782 mpaka 1788, na miaka ya 1833 mpaka 1837. Ile ya pili ilizidishwa na baridi na kwa kupasuka kwa mlima wa moto Asama mwaka wa 1783. Katika nchi ya Tsugaru, upande wa kaskazini, watawala walikuwa wamekwisha kupeleka mchele wa akiba Osaka na Edo ili kulipa madeni. Mavuno yaliposhindwa, maghala yalikuwa matupu, na yapata theluthi moja ya watu wakafa. Mwaka wa 1787 watu wa Edo walivunja maduka ya mchele siku nyingi mfululizo mbele ya ngome ya Shogun mwenyewe.

Njaa ya tatu ilileta jambo ambalo halikupata kuonekana. Oshio Heihachiro alikuwa amekuwa ofisa wa polisi katika Osaka, mtu mwaminifu na mwalimu mwenye wanafunzi wengi. Aliona watu wakianguka njiani kwa njaa huku wakuu wa mji wakipeleka mchele Edo kwa amri ya serikali, na matajiri wakingoja bei ipande. Aliwaomba wakuu wafungue maghala, wakamkataa. Akauza vitabu vyake vyote, hazina ya maisha yake, akawagawia maskini fedha. Kisha mwezi wa Februari 1837, kwa kalenda ya Wajapani, alitoka na wanafunzi wake na wakulima wa vijiji vya karibu, kama watu 300, wakiwa na mizinga midogo, wakazichoma nyumba za matajiri. Maasi yalizimwa siku ile ile. Moto haukuzimwa upesi hivyo, nao uliteketeza maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za maskini wale wale aliotaka kuwaokoa. Oshio alijificha zaidi ya mwezi mmoja, na alipogunduliwa akajiua. Lakini habari ilienea nchi nzima kwamba aliyeinua silaha si mkulima mwenye njaa, bali ni samurai, na tena mtumishi wa serikali.

DAWA ILIYOSHINDWA NA DAWA ILIYOFAULU

Waziri Mizuno Tadakuni alipopewa madaraka mwaka wa 1841, alijua kwamba serikali ni mgonjwa. Alivunja vyama vya wafanyi biashara akitumaini bei zitashuka. Zikavurugika tu, kwa kuwa vyama hivyo ndivyo vilivyojua njia za kuleta bidhaa mjini. Aliamuru wakulima waliokimbilia Edo warudi vijijini. Mwisho, mwaka wa 1843, alitaka ardhi zote zilizozunguka Edo na Osaka zirudishwe kwa Shogun, na wenyewe wapewe nyingine mahali pengine. Mabwana wakakataa, hata waliokuwa rafiki wa Tokugawa, na Shogun akamwondoa waziri wake. Usiku ule umati wa watu wa mji ulikusanyika ukaipiga nyumba yake mawe.

Mambo yalikuwa mengine kusini magharibi, katika nchi za Satsuma na Choshu, ambazo mababu zao walishindwa Sekigahara na ambazo hazikusahau. Satsuma ilidaiwa ryo milioni tano. Zusho Hirosato, aliyeanza kazi kama mtumishi wa kuandaa chai, aliwaita wakopeshaji akawaambia kwamba deni litalipwa lote, bila riba, kwa muda wa miaka 250. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba malipo ya mwisho yangalifanywa katika karne ya 21. Tena Satsuma ilishika biashara yote ya sukari ya visiwa vya Amami, kwa ukali mwingi. Mkulima wa huko hakuruhusiwa kuuza miwa yake kwa mtu mwingine, na aliyeuza kwa siri aliweza kuuawa. Choshu nayo iliahirisha madeni yake kwa miaka 37 na kupata faida kwa kukopesha na kuweka bidhaa za merikebu zilizopita Shimonoseki. Si mambo ya kusifiwa yote. Lakini yalileta fedha, na wakati Shogun alipokuwa akihangaika kulipa mishahara, Satsuma na Choshu waliweza kununua bunduki.

Tena katika nchi hizo mbili kazi zilianza kupewa samurai wa vyeo vya chini wenye elimu. Saigo Takamori na Okubo Toshimichi wa Satsuma, na Ito Hirobumi wa Choshu, wote walitoka katika nyumba hafifu. Katika serikali ya Edo vijana kama hao wangalizeeka wakinakili barua.

BANDARI ZAFUNGULIWA

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa manowari nyeusi zilipofika. Serikali haikujua la kufanya, na mwaka huo huo wa 1853 ikawauliza mabwana wote shauri lao. Miaka 250 hawakupata kuulizwa. Na mtu akisha kuulizwa mara moja, hutaraji kuulizwa tena. Mwaka wa 1858 waziri Ii Naosuke alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani bila idhini ya Mfalme, na mwezi wa Machi 1860 akauawa nje ya lango la ngome ya Edo.

Biashara ilipoanza mwaka wa 1859, udhaifu wote wa zamani ukatoka nje. Katika Japani dhahabu ilikuwa na thamani ya mara tano hivi ya fedha nyeupe, na nchi nyingine mara kumi na tano. Mgeni alikuja na sarafu za fedha, akabadili kwa dhahabu, akaiuza China kwa faida ya kupita maradufu. Ili kuzuia hasara hiyo, mwaka wa 1860 serikali ilitoa sarafu mpya za dhahabu zenye uzito wa kama theluthi ya zile za zamani, na bei za vitu zikaruka. Hariri ilikwenda Yokohama kwa wageni, kwa kuwa nondo wa Ulaya walikuwa na maradhi. Wafugaji wakatajirika, wafumaji wa Kyoto na Kiryu wakakosa nyuzi. Mchele ukapanda bei mara kadhaa katika miaka michache. Samurai na kibarua wa mjini walinung'unika kwa pamoja.

Mwaka wa 1862 serikali ililegeza amri ya safari za Edo. Wake na watoto wa mabwana wakafungasha vitu wakarudi kwao, na rehani iliyowafunga mabwana tangu 1635 ikawa imefunguliwa. Mwaka wa 1866 Satsuma na Choshu wakafanya mapatano kwa siri. Shogun alipotuma jeshi kuiadhibu Choshu mwaka huo, mabwana wengi walikataa kwenda. Na mchele ulionunuliwa kwa ajili ya jeshi ukazidisha bei, hata ghasia zikatokea Osaka na Edo, na vijiji vya wafuga hariri kaskazini ya Edo vikainuka kwa maelfu. Jeshi likashindwa. Shogun kijana, Iemochi, akafa katika ngome ya Osaka vita vikiendelea.

Aliyemfuata, Yoshinobu, alikuwa mtu mwenye akili, naye alirudisha madaraka mwaka wa 1867 akitumaini kwamba ukoo wake utapewa kiti kikubwa katika baraza jipya. Haukupewa. Mwezi wa Januari 1868 majeshi yake yalipigwa karibu na Kyoto, na mwaka huo huo Edo ukatolewa bila vita baada ya Katsu na Saigo kuzungumza. Fedha za majeshi ya Mfalme zilitoka kwa sehemu kubwa katika nyumba za biashara, Mitsui ikiwa mbele. Wale watu wa daraja la nne.

Serikali mpya haikuwarudishia mabwana ulimwengu wao, ingawa wengi wa viongozi wake walikuwa samurai. Mwaka wa 1871 nchi za daimyo zilifutwa zikawa majimbo. Mwaka wa 1873 kodi ya mchele ikageuzwa kuwa kodi ya fedha, 3 kwa mia ya thamani ya shamba, na wakulima walipoiona nzito wakafanya ghasia mwaka wa 1876, hata mwezi wa Januari 1877 ikashushwa kuwa 2.5. Samurai nao mwaka wa 1876 walikatazwa kuvaa panga, na mishahara yao ya mchele ikabadilishwa kuwa hati za serikali zenye riba. Nyumba zaidi ya 300,000 zilipokea hati hizo. Wengi waliziuza wakafungua maduka, nao hawakujua kuuza, na mpaka leo Wajapani huita biashara ya mtu asiyeijua "biashara ya samurai".

Mwezi wa Februari 1877 samurai wa Satsuma waliasi, wakiongozwa na Saigo yule yule. Jeshi lililotumwa kuwapinga halikuwa la samurai, bali la vijana walioandikwa kwa sheria ya mwaka wa 1873, wengi wao wana wa wakulima, ambao mababu zao walinyang'anywa silaha mwaka wa 1588. Vita vilichukua miezi saba. Tarehe 24 Septemba Saigo alikufa katika kilima cha Shiroyama, mjini Kagoshima, pamoja na watu wa mwisho waliobaki naye.